Mtutu Bila Baruti: Bunduki Zilivyoingia Karagwe

Mapema mwaka 1876, mpelelezi Henry Morton Stanley alikaribishwa na Mukama Rumanyika Orugundu wa Karagwe kuingia nyumba ya mviringo ambamo mfalme huyo alitunza hazina zake. Humo aliona bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya kazi safi na kiti cha enzi kilichochongwa na mafundi wa nchi hiyo hiyo. Pamoja na vitu hivyo, mahali pa heshima, palikuwa na bunduki. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke ndiye aliyempa Rumanyika bunduki hiyo, miaka kama kumi na minne nyuma. Stanley aliandika kwamba mfalme alifurahi kuitazama, maana ilimkumbusha sura za wageni wake wa zamani, Speke na mwenzake James Grant.

Haikuwa bunduki ya kawaida. Ilikuwa ndefu kama bunduki nyingine, lakini sehemu ya risasi ilikuwa silinda ya kuzunguka, kama ya bastola, kwa hiyo mpigaji aliweza kufyatua mara kadhaa kabla ya kushindilia upya. Mtindo huo wa silinda ndio uliompa umaarufu Samuel Colt wa Hartford, Connecticut, Marekani. Ilikuwa na kasoro iliyojulikana sana: moto na gesi vilichomoka kati ya silinda na mtutu, na mkono wa kushoto wa mpigaji ukakaa katika hatari ya kuungua. Ilihitaji pia fataki zake, baruti nzuri, na risasi za kipimo chake. Vitu vyote vitatu vilipatikana Zanzibar, mwendo wa miezi kwa miguu. Rumanyika hakuwa mpumbavu kuiweka karibu na bata wa shaba. Pengine hapo ndipo palipokuwa mahali pake hasa.

Kata ya Kituntu, iliyo leo katika Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, ni sehemu ya nchi iliyotawaliwa na Rumanyika. Migomba na kahawa vimefunika mahali pengi palipokuwa malisho ya ng'ombe wa pembe ndefu, na tangu mwaka 2012 upande wa kaskazini magharibi wa wilaya ya zamani umekuwa Wilaya ya Kyerwa. Swali la bunduki halijafa. Mtu mwenye shamba linaloharibiwa na nyani au ngiri, au mwenye duka analolihofia usiku, huuliza kama inafaa kutafuta shotigani mpya, labda ile ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na kama iliyotengenezwa Marekani inastahili bei yake. Wanunuzi wengi huanza na mtutu: chuma chake, jina la kiwanda, urembo wa kitako. Historia ya Karagwe inaonyesha kwamba mtutu ndiyo sehemu rahisi ya biashara hiyo. Gharama iko kwenye kinachoingia ndani yake, na kwa mtu mwenye mamlaka ya kukuruhusu kuufyatua.

Wamarekani waliingia mapema katika habari hii. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Mkataba uliwapa wafanyabiashara wa Marekani ruhusa ya kuuza bidhaa zao bandarini, ila kuna jambo moja lililofungwa: katika kisiwa cha Zanzibar, bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kwa mtu yeyote isipokuwa serikali. Bandari nyingine za Sultani ziliachwa huru, na huko silaha ziliweza kuuzwa kwa atakayetoa bei kubwa zaidi. Seyyid Said alielewa biashara. Hakutaka bunduki zienee miguuni pake, lakini kwa wengine pwani yote hakuona ubaya.

Kutoka pwani, bunduki zilipanda bara pamoja na kitambaa cha merikani, shanga na waya wa shaba. Nyingi zilikuwa gumegume, silaha zilizopitwa na wakati Ulaya, zikitoka Birmingham na Liège au ghala za majeshi yaliyobadilisha zana. Misafara iliziteremsha Kaze, karibu na Tabora ya leo, na kutoka Kaze njia moja ilipanda kaskazini hadi Karagwe. Huko wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga kituo chao, Kafuro, karibu na makao ya mfalme Bweranyange. Walifuata pembe za ndovu. Walitumia Karagwe pia kama mlango wa Buganda na Bunyoro.

Tajiri mmoja wa Kaze, Musa Mzuri, Mhindi aliyefahamika njia nzima, ndiye anayetajwa katika vita vya urithi baada ya kifo cha Ndagara, baba yake Rumanyika. Watoto watatu waligombea: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Kuna masimulizi mawili ya namna Rumanyika alivyoshinda. Katika moja, aliloandika Speke, watu wa Musa wenye bunduki ndio waliomtisha Rogero na jeshi lake. Katika jingine, aliloandika Richard Burton, Musa alimpa Kabaka Suna wa Buganda pembe nyingi, naye Suna akatuma askari wake. Masimulizi yanatofautiana kuhusu silaha iliyoamua vita, lakini yote mawili yanamweka mfanyabiashara katikati. Mfalme aliyepata kiti chake kwa msaada wa namna hiyo alijua vema kwamba bunduki haiji peke yake. Huja na mtu anayekuja kudai.

Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861. Grant aliugua mguu akabaki Karagwe miezi kadhaa, Speke akaendelea kwenda Buganda Januari 1862. Kabla ya kuondoka, Speke aliwinda vifaru karibu na makao ya mfalme, akaangusha kadhaa. Rumanyika alistaajabu waziwazi. Alikuwa ameishi na bunduki za wafanyabiashara kwa miaka, na kaka yake Nnanaji alipenda kujisifu kwa kulenga shabaha, lakini hakuwahi kuona kazi ya aina hiyo. Tofauti ilikuwa kwenye chombo na mpigaji kwa pamoja: Speke alikuwa na raifo nzuri za London, baruti safi, na mazoezi ya miaka ya India. Gumegume za Kafuro zilikuwa za kutoa sauti zaidi kuliko kuua mnyama mkubwa.

Katika ikulu ya Buganda mambo yalikwenda tofauti kabisa. Speke alimpa Kabaka Mutesa raifo ya Whitworth na silaha nyingine, na kijana huyo hakuziweka ukutani. Katika moja ya visa vya kutisha katika kitabu cha Speke, Mutesa alimpa mtumishi kijana wa ikulu bunduki akampige mtu uwanjani, na mtumishi huyo akaifanya kazi hiyo kama mchezo. Miaka ishirini baadaye Buganda ilikuwa na vikosi vya watu wa bunduki, na wakuu wake wakagawanyika kwa dini na kwa silaha. Karagwe haikufuata njia hiyo. Rumanyika alipokufa ufalme uliingia katika vifo vya warithi na ugomvi wa ndani, na Buganda jirani, yenye silaha nyingi kuliko Karagwe, ikawa na sauti kubwa katika mambo yake. Kuisifu busara ya kutonunua bila kutaja gharama hii ingekuwa kudanganya.

Kwa nini Karagwe haikujitengenezea silaha zake? Chuma hakikuwa shida. Kagera ni moja ya mikoa yenye historia ndefu ya kuyeyusha chuma Afrika Mashariki. Huko Katuruka, upande wa Buhaya, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri zenye umri wa takriban miaka 2,000. Mhunzi wa Karagwe aliweza kufua jembe, mkuki, na hata sanamu za chuma za ng'ombe kwa ajili ya mfalme. Lakini bunduki ya kushindilia ina mahitaji yasiyotoka kwenye tanuri. Baruti hutaka kiberiti cha madini, shura na mkaa, kwa vipimo sahihi. Bunduki ya fataki hutaka kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na hicho ni kazi ya kiwanda. Utaratibu wenyewe nao ni wa subira: kumimina baruti mdomoni mwa mtutu, kusukuma kitambaa, kutia risasi, kushindilia kwa mdeki, kuweka fataki, ndipo kupiga. Mvua ikinyesha wakati wa masika, na Karagwe ina mvua za kutosha, kazi yote inaweza kuishia kwa sauti ndogo ya chuma kugonga chuma.

Mwishoni mwa karne ya 19 bunduki ziliongezeka kwa wingi usiotarajiwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, aliripoti kwamba silaha zilizoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha bunduki zao kwa zile za kupakia nyuma, na silaha za zamani zilitafuta wateja Afrika. Watu kama Charles Stokes, Mwairishi aliyewahi kuwa mmisionari kabla ya kugeuka kuwa mfanyabiashara, walipeleka silaha na baruti maeneo ya Ziwa Victoria. Alinyongwa na ofisa wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1895 kwa shutuma za kuuza silaha.

Mwezi Julai 1889 Karagwe iliona bunduki za Marekani kwa wingi. Stanley alirudi, safari hii akimwongoza gavana Emin Pasha kutoka jimbo la Ekwatoria kwenda pwani. Msafara wake ulikuwa umeanza safari na raifo 510 za Remington na bunduki 50 za Winchester za kufyatua mfululizo. Remington hizo zilikuwa za kupakia nyuma, za mtindo ambao Misri ilikuwa imenunua kwa maelfu. Walivuka mto Kagera, wakapumzika kwenye maji moto ya Mtagata, ambayo sasa yamo Wilaya ya Kyerwa, wakapitia Kafuro. Kituo kile cha wafanyabiashara kilikuwa kimeshakufa. Nyumba zimebomoka, watu wameondoka. Bunduki za kisasa zilipita barabara ya Karagwe bila kusimama.

Mwaka uliofuata mlango ulifungwa rasmi. Sheria ya Brussels ya Julai 1890, iliyotiwa saini na mataifa makubwa kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, ilikataza kuingiza silaha katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Raifo na bunduki bora zilizuiwa kwa wenyeji. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa njia nyembamba chini ya usimamizi wa serikali za kikoloni. Frederick Lugard aliposafiri Ankole mwaka 1891 na kufanya mkataba na wawakilishi wa Omugabe Ntare, mfalme wa huko, moja ya masharti lilikuwa kuzuia silaha zilizotoka upande wa Wajerumani. Njia ya kutoka upande huo ilipitia Karagwe. Wakati huo huo sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe wa Maziwa Makuu, na ng'ombe ndio waliokuwa mali ya Karagwe. Hata bunduki ingepatikana, kulikuwa na kitu gani cha kulipia?

Ukoloni haukuileta bunduki kwa wakulima, uliitenga. Vita vya kwanza vya dunia vilifika mlangoni Juni 1915, Waingereza walipoishambulia Bukoba kwa siku mbili na kurudi upande wao wa ziwa. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri mwenye umri wa miaka 63, aliyeanza kuwinda Afrika kwa bunduki kubwa za kushindilia. Baada ya vita, silaha nzuri zilibaki mikononi mwa maofisa, walowezi, wamisionari na wawindaji wenye leseni. Mwanakijiji aliyetaka kulinda shamba alibaki na gobore.

Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa ya watu wa kundi la kwanza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kuanza safari kubwa ya uwindaji, akapita Kenya na Uganda. Alibeba bunduki mpya ya mitutu miwili aliyopewa na Ansley Fox, mwenye kiwanda Philadelphia. Ilikuwa ya kipenyo namba 12, jina linalotokana na hesabu ya zamani: ratili moja ya risasi ya madini ikigawanywa kuwa goroli 12 sawa, kila goroli inatosha mtutu huo. Bunduki ya namna hiyo hufunguliwa katikati kama bawaba. Mitutu miwili hukazwa pamoja, kila mmoja na fundo lake mdomoni, ili marisau ya mmoja yatawanyike mapema na ya mwingine yaende mbali zaidi kabla ya kutawanyika. Ubora wake mkubwa ni urahisi: risasi mbili zisizotegemea chombo cha kusogeza chochote, na mitutu inayoweza kuwa na vifyatulio viwili tofauti. Kimoja kikikwama, kingine kinafanya kazi.

Tatizo lake ni gharama ya fundi. Kuunganisha mitutu miwili ili yote ielekee sehemu moja ni kazi ya mkono, haikubali haraka. Huko Marekani, bunduki za mtutu mmoja za kufyatua mfululizo, zilizotengenezwa kwa mashine, ziliteka soko, hasa kutoka kwa mbunifu John Browning na kiwanda cha Winchester. Parker, iliyoanza Connecticut baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilifikia mwisho miaka ya 1940. Fox ilinunuliwa na kampuni nyingine. Bunduki rahisi ya mitutu miwili iliyouzwa Marekani kwa wakulima na watu wa kipato cha kawaida iliendelea hadi karibu miaka ya 1980, kisha ikaachwa. Leo bunduki mpya ya namna hiyo iliyotengenezwa Marekani ni bidhaa ya wapenda uwindaji wa anasa; mnunuzi wa kawaida huko huchukua za Uturuki au Hispania. Bunduki ya Roosevelt yenyewe iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Kwa bei hiyo inakaribia kuwa kama ile ya Rumanyika: kitu cha kutazamwa.

Upande wa Kagera, historia ya pili ya bunduki iliandikwa na gobore. Hii ni bunduki ya kushindilia inayotengenezwa na mafundi wa vijijini, mara nyingi kwa bomba la maji, kitako cha mbao na chemchemi iliyokatwa kutoka kitu kingine. Risasi zake ni goroli, vipande vya chuma au msumari. Inaogopwa na mnyama, na wakati mwingine na mwenyewe, kwa sababu mtutu usio na kipimo unaweza kupasuka usoni. Hata hivyo imedumu kwa sababu inatengenezeka. Kila sehemu inayokatika hupatikana kijijini. Kwa kipimo cha matengenezo, gobore ilishinda raifo ya Rumanyika na pengine ingeishinda Fox.

Halafu bunduki za aina nyingine zikaingia, na hazikununuliwa dukani. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na vita viliendelea hadi 1979. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu. Ngara ilipokea wengi zaidi, lakini Karagwe nayo ilipata kambi zake, Chabalisa na Rubwera zikiwemo. Silaha za kivita zilizosambaa ukanda huo zilibadilisha maana ya kumiliki bunduki. Pori la Kimisi, kati ya Karagwe na Ngara, likawa njia ya hofu, na magari yakapita kwa kusindikizwa na polisi. Mwenye shotigani ya leseni hakujiona mwenye nguvu tena mbele ya mtu aliyebeba silaha ya kivita. Wengine walijiuliza kama kuwa na bunduki nyumbani si kuwaita majambazi waje kuichukua.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyorithi ya mwaka 1991, imefanya ununuzi kuwa safari ya kamati. Maombi huanzia ngazi ya kijiji na kata, hupitia kamati za ulinzi na usalama, na kuishia kwa polisi wenye jukumu la kusajili silaha. Mwombaji hueleza sababu yake, na sababu hiyo huulizwa maswali. Serikali pia imekuwa ikitoa nafasi kwa watu kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na vibali, pamoja na magobore.

Mazingira ya kuwinda nayo yamebadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hili yaligeuzwa kuwa hifadhi za taifa, moja ikiitwa Ibanda-Kyerwa na nyingine Rumanyika-Karagwe, kwa jina la mfalme yule aliyetunza bunduki ya Speke. Mnyama anayetoka ndani ya hifadhi na kula mahindi ya mkulima ana mwenye mamlaka juu yake. Njia ya kisheria ni kumwita afisa wanyamapori, na mashamba yakiharibiwa kuna utaratibu wa kuomba kifuta jasho, ingawa wakulima wengi hulalamika kuwa ni kidogo na huchelewa. Kwa hiyo anayefikiria kutoa mamilioni kununua shotigani mpya ya Marekani ana hesabu ndefu kuliko bei iliyoandikwa kwenye kitako: ada za leseni, sanduku la kufungia kwa usalama, upatikanaji wa risasi za namba 12 katika mji wa karibu, na fundi atakayetengeneza kifyatulio kikivunjika, ikiwa kipuri chake kitaletwa kutoka Connecticut. Mbele ya kundi la nyani wanaotawanyika migombani, mitutu miwili ni nafasi mbili tu za kupiga, kisha mtu afungue, atoe maganda na kupakia tena.